Kinyago Nilichokichonga Mwenyewe Kinanitisha

Safu ya Barua na Majibu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamuziki mwenye umri wa miaka 34. Jina langu la jukwaani silitaji kwa sababu wasomaji wako wengi watalitambua, na jina langu halisi silitaji kwa sababu hakuna atakayelitambua; pengine hapo ndipo tatizo langu lilipo. Jukwaani mimi ni mtu wa majivuno. Huingia nimechelewa kwa makusudi, nikiwa nimevaa miwani myeusi na koti refu, chupa ikiwa mkononi, na kabla ya kuimba hucheka kicheko kirefu cha dharau ambacho mashabiki hukingoja kuliko hata wimbo wenyewe. Nyumbani mimi ni mtu mwingine kabisa. Situmii kileo, na chupa ile ina maji yaliyotiwa rangi. Huona haya kuzungumza mbele ya watu watano nisiowafahamu, na starehe yangu kubwa ni kufungua redio za zamani zilizokufa na kuzifufua.

Kwa miaka minane watu hawa wawili waliishi ndani yangu bila kugombana. Mwaka jana tulimzika mama yangu. Nikiwa nimesimama kando ya kaburi, udongo ukiwa bado mikononi, kijana mmoja alinisogelea na simu yake, akaniomba kwa sauti ya chini, na kwa adabu kabisa, nimchekee kile kicheko. Mwalimu, nilicheka. Nilikisikia kikitoka kana kwamba kinatoka kwa mtu aliyesimama nyuma yangu, na ndugu zangu wote wakageuka kunitazama. Meneja wangu anasema nisithubutu kubadilika, kwa kuwa hakuna anayelipa kiingilio kumwona fundi redio. Mke wangu anasema nichague mmoja. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, lakini changu kinanitisha. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Redio

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mama.

Nitaanza na yule kijana mwenye simu, kwa sababu naona umemsahau haraka ukaenda kujilaumu wewe. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, na umekiri mwenyewe kwamba aliomba kwa adabu. Tatizo ni kwamba kwa macho yake aliyefiwa hakuwepo pale. Alimwona mtu mmoja tu aliyewahi kuonyeshwa, yule wa koti na miwani, na mtu huyo hana mama, hazeeki, wala halii. Wewe ndiye uliyehakikisha kwamba hana mama. Sikusemi kwa ubaya. Ndivyo wahusika wa jukwaani wanavyotengenezwa, na ndiyo maana wanapendeza.

Sasa niondoe hofu moja. Kuwa na sura moja jukwaani na nyingine nyumbani si ugonjwa wala si unafiki. Neno la Kilatini persona, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua na kulifanya liwe na maana ya mtu, hapo kale lilikuwa jina la kinyago ambacho mwigizaji alikivaa usoni. Hakimu anapovaa joho huvaa na sauti nyingine, na muuguzi anapoingia wodini huyaacha mlangoni mambo mengi yaliyomkera asubuhi. Kinyago humsaidia mtu kufanya jambo ambalo kwa uso wake mtupu asingeliweza. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa miaka 4 na 6 waliopewa kazi ya kuchosha huku kukiwa na mchezo wa kuvutia karibu nao, ikaonekana kwamba watoto walioambiwa wajifanye shujaa, kama vile Batman, walidumu kwenye ile kazi kwa muda mrefu zaidi kuliko walioendelea kujiona kama wao wenyewe. Ukiniuliza mimi, niliyepiga gitaa la besi nyuma ya waimbaji kwa miaka 19, nitakuambia kwamba waimbaji waliokuwa wakubwa kupita kiasi jukwaani walikuwa karibu wote watu wa haya. Asiye na haya hahitaji koti refu.

Mtazame Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, aliwaitikisha watu wapatao 72,000 kwa sauti yake peke yake, wakarudia kila alichokitoa kinywani kama darasa la watoto. Mtu huyo huyo, nje ya jukwaa, alikuwa mwenye haya na hakupenda kuhojiwa na waandishi. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba mmoja kati ya hao wawili alikuwa wa uongo.

Kwa hiyo mke wako anapokuambia uchague mmoja, naomba umsikilize vizuri zaidi kuliko ulivyomsikiliza. Sidhani kwamba anakutaka umuue yule wa jukwaani, ambaye, tuseme ukweli, ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Nadhani anauliza ni nani anayerudi nyumbani usiku. Hilo ni swali jingine, na lina jibu.

Yupo mwanamuziki wa Marekani anayeitwa Alice Cooper, ambaye huimba akiwa amepakwa rangi nyeusi machoni, hukatwa kichwa kwa mashine ya kuigiza, na huwatia watu hofu kwa nyoka wa kweli. Jina lake la kuzaliwa ni Vincent Furnier, ni mtoto wa mhubiri, amekaa na mke mmoja tangu mwaka 1976, na asubuhi hupenda kucheza gofu. Katika mahojiano mengi amekuwa akimtaja Alice kama mtu wa pembeni: "yeye" hufanya hivi, "yeye" hawezi kufanya vile. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 alikuwa mlevi wa kupindukia, na amewahi kueleza kwamba wakati huo hakujua Alice anaishia wapi na yeye anaanzia wapi, huku akiwatazama rafiki zake wanamuziki wakifa vijana kwa kujaribu kuishi mchana na usiku kama walivyotangazwa. Alipoacha pombe ndipo alipoweka mpaka: Alice anaishi saa chache, jukwaani tu, na akishafutwa rangi hana mahali pa kwenda.

Upande wa pili yupo David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza. Mwaka 1972 alimbuni Ziggy Stardust, mwanamuziki mwenye nywele nyekundu ambaye hakuwa mtu wa dunia hii, na kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba alimchukua hadi nje ya ukumbi. Alihojiwa akiwa Ziggy, akasafiri akiwa Ziggy. Baadaye alisimulia jinsi ilivyomwia vigumu kumwondoa kichwani. Tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon jijini London, alitangaza mbele ya watu kwamba hilo lilikuwa onyesho la mwisho, jambo ambalo hata baadhi ya wapigaji wa bendi yake mwenyewe hawakuwa wameambiwa. (Mimi ningekuwa mpigaji besi wake siku ile, ningemtafuta baadaye tukaongea.) Hata baada ya hapo alitengeneza mhusika mwingine, mbaya zaidi, akaingia katika dawa za kulevya, na mwaka 1976 ilimbidi ahamie Berlin ya Magharibi ili aanze kuishi upya.

Turudi kaburini. Siku ile hukuwa na koti, hukuwa na miwani, hukuwa na chupa. Vyote vilikuwa kabatini. Kilichokuwepo ni koo lako, na kicheko kinaishi kooni. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nasimama hapo hapo. Wengi wanaovaa vinyago huvaa vitu vinavyovuliwa, lakini wewe ulichukua kitu cha mwilini mwako, kitu ambacho binadamu hukitoa pale tu anapofurahi au anapochoka kuvumilia, ukakifanya bidhaa. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alieleza jambo hili alipowachunguza wahudumu wa ndege, ambao ajira yao iliwadai tabasamu. Baadhi yao walisimulia jinsi walivyoshindwa kuizima ile bashasha ya kazini hata safari ilipokwisha. Tabasamu liliendelea kutoka lenyewe, bila mwenyewe kuitwa. Wewe umekutwa na jambo hilo hilo mahali pabaya kuliko ndege.

Sasa, kuhusu ile methali. Wahenga hawakukosea, ila walimzungumzia mchongaji mmoja. Chukua karatasi, mwanangu, na uandike kila kipande cha mtu wako wa jukwaani, kisha kando yake uandike nani alikichonga. Koti pengine ni lako. Kuchelewa kwa makusudi kunanukia meneja. Chupa huenda ilianza kama mzaha, ikapigwa picha, ikawa ile ambayo vijana wa leo huiita kiki, na tangu hapo haikuwa mzaha tena. Kicheko, mimi nabahatisha tu, kilitoka siku moja kwa woga, watu wakapiga kelele, nawe ukakirudia wiki iliyofuata kwa sababu walikidai. Kama nimekisia sawa, basi kinyago chako kimechongwa na watu wengi, wengine usiowajua hata kwa majina, na hakuna methali inayokuahidi kwamba hicho hakitakutisha.

Ushauri wangu ni huu. Koti libaki. Miwani ibaki. Chupa ningeiacha taratibu, kwa kuwa ipo siku mtoto wa mtu atakuiga bila kujua kwamba ndani ni maji. Kuhusu kicheko, nenda studio ukirekodi mara moja, vizuri, kisha umpe fundi mitambo awe anakipiga kwenye spika taa zikiwa zimezimwa, kabla hujaingia. Wewe ingia kimya. Najua mashabiki, wiki ya tatu watakuwa wanakicheka wao wenyewe, ukumbi mzima, nawe utasimama gizani ukiwasikiliza. Kicheko kitakuwa chao, na koo litarudi kuwa lako. Akikuomba mtu barabarani, una jibu la kweli: kiko ukumbini, njoo Jumamosi.

La pili ni mlango. Onyesho linapokwisha, mwili haujui kwamba limekwisha. Tezi zilizo juu ya figo zimekuwa zikimwaga adrenalini kwa saa mbili, moyo umekwenda mbio, na yote hayo hayaishi kwa kuzimwa taa. Ndiyo maana wanamuziki wengi hukesha baada ya shoo, na wengi huanzia hapo kunywa. Wewe hunywi, lakini nina hakika hulali, na ukifika nyumbani ukiwa bado unatokota ndipo mke wako anapokutana na mtu asiyemjua. Tulipokuwa tukisafiri na bendi, tulikuwa na mpiga ngoma mmoja ambaye baada ya kila onyesho alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jukwaa, akafunga nyaya za watu wote, moja moja, kwa mizunguko iliyo sawa, asiseme neno. Tulidhani ni mwenye kupenda usafi. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba bila zile nyaya alikuwa akirudi nyumbani na ngoma kifuani. Wewe una redio zako. Beba moja ndogo na bisibisi, vua koti, nawa uso, fungua skrubu nne, na usiingie garini mpaka uzirudishe.

Meneja naye ana hoja, nisimpuuze. Ni kweli watu hawalipi kumwona fundi redio. Lakini anakosea anapodhani kwamba mhusika akibadilika mapato hufa. Bowie alimuua Ziggy akiwa kileleni, akaishi kisanii zaidi ya miaka 40 baada ya hapo. Mwimbaji wa Marekani, Beyoncé, alimtambulisha mhusika wake wa jukwaani, Sasha Fierce, mwaka 2008 kama yule jasiri anayemsaidia kupanda jukwaani, na kufikia mwaka 2010 alikuwa akieleza kwamba hamhitaji tena, kwa sababu watu hao wawili wameungana. Hakuna aliyerudishiwa kiingilio. Ninachokukataza ni kuitisha waandishi ili ujivue hadharani na kutangaza kwamba wewe ni mpole. Kujivua hadharani ni onyesho jingine, na ndani ya mwezi mmoja mtu huyo mpole naye atakuwa anaombwa picha.

Iwapo utajikuta huwezi kulia pale unapotaka kulia, au kicheko kinaendelea kukutoka ukiwa peke yako, mtafute mshauri nasaha mapema. Na waite ndugu zako waliogeuka siku ile, uwaeleze wao uliyonieleza mimi. Wao ndio waliostahili barua hii kwanza.

Mwalimu, hujambo?

Mume wangu ni mwimbaji wa nyimbo za mapenzi. Wanawake hulia ukumbini anapoimba, na wengine hunisimamisha kuniambia jinsi nilivyobahatika. Nyumbani anaweza kukaa siku nne bila kunisemesha zaidi ya kuuliza funguo ziko wapi. Je, anadanganya kule au anadanganya huku?

Ni mimi, Mke wa Mwimbaji

Sijambo, dada yangu.

Huenda hadanganyi popote. Kuimba mapenzi ni ufundi, na fundi anaweza kuwa hodari wa kazi yake bila kuitumia kwake. Seremala anayewatengenezea wengine vitanda vizuri anaweza kulala kwenye kitanda kinacholia. Mwimbaji huchota mahali fulani ndani yake ili ile sauti itetemeke, na wapo wanaochota mpaka kisima kinakauka kabla hawajafika nyumbani. Hilo hutokea, na si ubaya wa moyo.

Hata hivyo, nakuonya usizitumie nyimbo zake kama ushahidi wa kumtetea. Nimewaona wake wa wanamuziki wakivumilia mengi kwa kujiambia kwamba mtu anayeimba vile lazima ana upole mahali fulani ndani. Upole usiofika mezani hauhesabiwi. Mpime kwa yale anayoyafanya akiwa nawe, kama ambavyo ungempima mwanamume anayefanya kazi ya kuhesabu magunia. Muulize siku ambayo hana onyesho, mchana, si usiku anaporudi: zile siku nne anakuwa amechoka, au amekukasirikia? Akisema amechoka, mnaweza kupanga ratiba pamoja, apate saa zake za kunyamaza nawe upate zako za kuzungumza. Akishindwa kujibu, hilo nalo ni jibu la kuanzia. Na kama ndani ya ukimya huo kuna vitisho au mkono, hapo hatuzungumzii tena jukwaa. Ondoka kwanza mahali penye hatari, kisha uombe msaada kwa watu unaowaamini na kwa wanaohusika na sheria.

Wale wanaokusimamisha kukupongeza, huna deni la kuwajibu.

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 19, naimba, na nimepata meneja. Anasema jina langu halina mvuto, anataka kunipa jina jipya, mavazi na tabia ya jukwaani, na mkataba uko tayari. Nisaini?

Ni mimi, Bado Sina Jina

Marahaba, binti yangu.

Usisaini wiki hii. Mpelekee wakili karatasi hizo, kisha umuulize jambo moja kabla ya mengine yote: siku nikiondoka, jina hilo linabaki kwa nani? Kundi la Kiss la Marekani lilianza mwaka 1973 na sura nne za kupakwa rangi. Wawili kati ya wanne wa mwanzo walipoondoka, sura zao za paka na za mwanaanga zilipakwa kwenye nyuso za watu wengine, na maonyesho yakaendelea. Mhusika alibaki kazini, mtu akaenda nyumbani. Wala usidhani kwamba jina la kuzaliwa ni kinga. Mwanamuziki wa Marekani, Prince, alipewa jina hilo na wazazi wake, lakini mwaka 1993, akiwa katika mgogoro na kampuni iliyorekodi kazi zake, aliona afadhali aliache na atumie alama isiyotamkika, akalirudia mwaka 2000 tu.

Kama jina jipya litasajiliwa, lisajiliwe kwako. Kama kuna kifungu kinachokutaka uwe na tabia hiyo "wakati wote" au "mahali popote pa umma", mwombe wakili akikate kiandikwe "jukwaani na katika kazi zilizokubaliwa". Mavazi kubali, ukiyapenda. Nywele kubali, zinaota upya. Na wakikuomba uwe na kicheko chako maalumu, mwambie meneja kwamba unaomba kofia badala yake.